Kiti cha Mwenye Duka

4 Februari

Mama Mkubwa wangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mguu umetulia na wa nyumbani kwa kaka ni wazima. Sisi huku hatujambo. Nikisema "sisi" najua utacheka, maana ni mimi, cherehani mbili na ile feni yako inayolalamika. Mama anakusalimu sana. Amepata miwani mipya, na tangu aivae anaona kila doa tulilokuwa tunamficha. Hata mimi kaniambia nimekonda.

Kazi inakwenda. Yule mwalimu wa hesabu mwenye madirisha marefu alikuja kuchukua mapazia yake, akabana bei kama kawaida. Nikamwambia ngoja nimuulize mzee. Nikaingia nyuma ya ubao unaogawa duka, nikasimama kidogo mbele ya kiti cha Baba Mkubwa kama ulivyonifundisha, nikatoka na sura ya huzuni: mzee amekataa. Akalipa bila kununa. Akasema nimsalimie mzee, ni mtu mgumu lakini ana haki. Salamu nimezifikisha kwa koti, na sasa kwako. Koti lenyewe bado liko mgongoni mwa kiti, na mteja akichungulia anaona bega moja. Wakati mwingine nacheka peke yangu. Nani angeamini kwamba mtu tuliyemzika mbali na hapa, miaka yote hii, bado ndiye anayepanga bei ya marinda.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Fundi viatu wa mlango wa pili amehama, wanawe wamekuja kumchukua. Nimesikitika kuliko nilivyotegemea. Unakumbuka kikohozi chake kilivyopenya ule ukuta wa mbao. Wateja waliamini ni mzee anayekohoa, na yeye mwenyewe alilijua hilo, akawa anakohoa kwa makusudi akisikia mtu ananibishia. Siku hizi huko nyuma ni kimya kabisa. Nikila mchana naweka sahani juu ya meza ya kukatia, naligeukia koti, kwa sababu hakuna mwingine wa kumgeukia.

Chumba chake kiko wazi. Mwenye nyumba ameniuliza kama mzee anakitaka. Na wiki hiyo hiyo kaja mama mmoja, mkunga mstaafu, anayejenga kliniki ya wazazi karibu na stendi ya zamani. Anataka mapazia ya madirisha yote, na yale ya kutenganisha vitanda. Mama Mkubwa, kazi ya namna hiyo duka letu halijawahi kuiona. Nikasema nitamuuliza mzee. Akasema hapana, atamuuliza mwenyewe, nimwite. Nikasema amesafiri. Akasema atarudi.

Nifanyeje?

Mwanao,
Kasuku


27 Februari

Kasuku wangu,

Marahaba. Barua yako ilikaa kwenye sanduku la barua la kaka yako mpaka alipokumbuka kuangalia, ndiyo maana nimechelewa. Mguu uko palepale. Wajukuu wanakua, wananipita kwenye ukumbi wakiwa na vitu vyao masikioni, wananipungia mkono. Mkwe wangu ni mtu mwema, anarudi kazini amechoka na bado ananiuliza nimekula nini. Mchana nyumba yote ni yangu.

Nakaa kwenye kibaraza huku juu ghorofani. Dirisha la jengo la ng'ambo lina pazia la maua ambalo aliyelishona alikata kitambaa juu chini. Maua yote yanaota kuelekea sakafuni. Kila siku naliangalia mpaka linanikera. Saa moja tu ningelifumua na kulirudisha sawa. Lakini nitabisha hodi kwa watu nisiowajua niseme mimi ni nani?

Koti unalipangusa? Ukitumia brashi, ni ile laini, si ya zulia. Kola yake inashika vumbi.

Umeniletea salamu moja tu safari hii. Yule mama wa duka la vyombo hakumuulizia? Na wale ndugu wawili wa baiskeli? Wao walikuwa hawapiti bila kumsalimu. Uandike zote, hata kama ni fupi.

Kuhusu huyo mkunga, wateja wakubwa wana makuu. Hawa wenye dirisha moja moja ndio waliotulisha mimi na wewe. Atachoka, ataenda kwingine.

Msalimie mama yako na miwani yake.

Mama Mkubwa


15 Machi

Mama Mkubwa,

Shikamoo. Mama anasema aliyekuambia miwani ni kichekesho atamtafuta. Ni mzima, anapika, anagomba. Mama wa duka la vyombo kamuulizia mzee, anasema mwambie mapazia yake hayajapauka hata kidogo. Ndugu wa baiskeli walipita, wakapiga kengele kuelekea nyuma ya ubao kama zamani.

Mkunga hakuchoka. Alirudi, akaketi kwenye benchi la wateja, akanitazama nikifanya kazi. Wakati huo nilikuwa chini, nimepiga magoti sakafuni nakata pazia refu, maana meza yetu unajua inaishia wapi. Akauliza mzee anarudi lini. Nikasema hivi karibuni. Akauliza, "Na wewe hapa ni nani?" Nikajibu nasaidia tu. Mama Mkubwa, nilisikia nilivyolisema. Mimi ninayefungua, ninayefunga, ninayepima, ninayekata, ninayeshona, ninayepanda ngazi kutundika. Nasaidia tu. Na nilichokuwa nakisaidia ni koti.

Nimefikiri sana. Nakitaka kile chumba. Nikibomoa ule ukuta wa mbao nitaweka meza ndefu, pazia zima lilale juu yake bila kukunjwa, na nitaweka mabinti wawili wa kushona tukae watu watatu tunaongea. Nimechoka na sauti ya feni. Mwenye nyumba amenipa mpaka mwisho wa mwezi wa sita, kwa heshima ya mzee.

Ombi langu ni hili. Mwambie kaka aje siku moja tu. Avae koti la baba yake, akae nyuma ya ubao, mkunga amwone, wapeane mkono, yaishe. Kazi yote nitafanya mimi. Yeye hata kuongea hahitaji, atikise kichwa. Wamefanana mabega.

Mwanao,
Kasuku


2 Aprili

Kasuku,

Marahaba. Mvua huku haikatiki na nguo hazikauki. Kaka yako ana kazi nyingi, hawezi kupata nafasi. Lile pazia la ng'ambo sasa limeshika maji upande mmoja.

Kula vizuri, mama yako asikuone umekonda.

Mama Mkubwa


10 Aprili

Mama Mkubwa,

Shikamoo, na pole na mvua. Nimeisoma barua yako mara nyingi ingawa haikuwa na mengi ya kusoma. Nikuulize bila kukuvunjia heshima: kaka hawezi, au hajaulizwa?

Salamu za mzee wiki hii: mwalimu wa hesabu, kinyozi wa kona, mama wa vyombo tena. Kinyozi anasema muda mrefu hajasikia akikohoa, anatumaini kifua kimepona. Nilijibu ndiyo, kimepona.

Nakuambia ukweli, mimi huko nyuma ya ubao siendi tena kwa ajili ya bei peke yake. Mteja akinung'unika namtupia mzee. Mshono ukienda upande nasema mzee ndiye aliyetaka vile. Hakuna anayenikasirikia mimi. Ni raha, lakini hata anayesifu analisifia koti. Juzi nilishona pazia zuri ambalo sijawahi kushona mfano wake, mteja akalishika, akalitazama, akasema, "Mwambie mzee mkono wake haujazeeka." Nilirudi nyumbani nikashindwa kula.

Mkunga amesema atakuja mara moja tu tena.

Kasuku


19 Mei

Mwanangu,

Nimekaa na kalamu siku nyingi. Kaka yako sikumuuliza. Ulijua, ndiyo maana uliuliza.

Ningemwambia nini? Alibeba jeneza la baba yake akiwa kijana, bega lile lile unalosema limefanana. Leo nimwambie avae koti lake, akae kwenye kiti chake, atikise kichwa? Hajui kwamba huko baba yake ana wateja. Hajui kwamba napokea salamu zake kwa barua.

Wewe unaona ni ujanja wa bei. Acha nikuambie ulivyoanza. Nilirudi kutoka mazikoni nikafungua duka kesho yake, kwa sababu mapazia ya watu yalikuwa yananingoja. Mteja wa kwanza akauliza mzee yuko wapi. Nilifungua mdomo nimwambie, nikajisikia nasema, "Ngoja nimuulize." Nikaingia nyuma. Koti lilikuwa pale alipoliacha. Nililia nikiwa nimeuma pindo la kitambaa ili nisisikike, na nilipotoka yule mteja alikuwa bado ananingoja kwa adabu ambayo mimi hakuwahi kunipa. Basi kesho yake nikafanya tena.

Hapa mimi ni bibi wa chumba cha mwisho. Wananipenda, sikatai. Lakini hakuna anayelitaja jina lake, wanaogopa nitalia. Huko dukani ndiko mahali pekee ambapo mimi bado ni mke wa mtu. Mkunga wako akiambiwa, kinyozi ataambiwa, na mwalimu, na mama wa vyombo. Wote watajua mara moja. Nitakuwa nimemzika tena, na safari hii sipo hata mazikoni.

Lakini pia nimesoma kwamba ulishindwa kula.

Kwa hiyo nimefanya hivi. Ndani ya bahasha hii kuna karatasi nyingine. Nimeandika kwa mwandiko wake, ule wa kulalia upande, kwamba yeye mwenye duka ni mgonjwa, hasafiri, na amekupa wewe ruhusa ya kukubali kazi zote. Mpe mkunga. Utapata kazi, utapata chumba, na yeye atabaki alipo. Nimejitahidi sana kuiga ile sahihi.

Mama Mkubwa


8 Juni

Mama Mkubwa wangu,

Shikamoo. Mama ni mzima. Ameisoma barua yako, nisamehe, nilimpa mwenyewe, na alivua ile miwani akaishika mkononi muda mrefu. Anasema kumbe hata yeye hakukuuliza vizuri wakati ule. Ulirudi kazini haraka, wakadhani una moyo mgumu.

Karatasi niliipokea. Mwandiko ni wake kabisa. Niliiweka kwenye mkoba pamoja na futi ya kupimia, nikaenda kwenye kliniki ya mkunga kabla hajaja yeye. Vyumba bado vinanuka rangi, madirisha yako wazi, vitanda vimepangwa bila magodoro. Nilianza kupima kwanza, dirisha moja moja. Alinifuata chumba hadi chumba. Nilipomaliza akanyoosha mkono, nadhani alitegemea karatasi yoyote ile kutoka kwa mzee, barua au kadi, chochote.

Niliishika ile uliyoandika, mle ndani ya mkoba. Nikaiacha.

Nikamwambia, "Mzee alifariki zamani. Mwenye duka ni mimi. Bei ni yangu, na kosa likitokea ni langu."

Sauti ilitoka nyembamba. Yeye hakushtuka wala hakucheka. Akasema kama ni hivyo basi nipunguze bei. Mama Mkubwa, niligeuka. Mwili wenyewe uligeuka kutafuta ubao wa kuingia nyuma yake, na kulikuwa na ukuta wa kliniki tu, mweupe, hata msumari hauna. Hapakuwa na mtu wa kumuuliza. Sijawahi kujisikia mpweke hivyo, hata zile siku za mwanzo ulipoondoka. Nikamgeukia tena nikasema siwezi kupunguza, nikamweleza kwa nini: kitambaa cha vitandani lazima kivumilie kufuliwa kila siku, na pindo nitalishona mara mbili. Akasema haya, sasa anaongea na mtu.

Tulikubaliana. Nilipokuwa naondoka akauliza nani alimpa pole mke wa mzee. Nikasema hakuna, hakuna aliyejua. Mkunga yule si mtu wa maneno mengi. Alisimama mlangoni akasema, "Mwambie nampa pole. Zimechelewa, lakini azipokee."

Nimezileta. Najua nimekuumiza. Sikuja kukuambia kwamba nilifanya vizuri, nimekuja kukuambia nilichofanya.

Mwanao


30 Juni

Mama Mkubwa,

Shikamoo. Hujajibu. Inawezekana barua iko kwenye sanduku la kaka. Inawezekana haiko huko.

Chumba nimekichukua. Mwenye nyumba aliuliza jina la kuandika, nikasema langu, akaniangalia kidogo kisha akaandika. Ukuta wa mbao umeng'olewa jana. Kulikuwa na misumari ya fundi viatu kila mahali, nimeokota mpaka kiuno kikaniuma.

Kuhusu wateja, nilikata kauli kuwaambia wote mwenyewe, mmoja mmoja, wasije wakasikia barabarani. Niliogopa wataniita mwongo. Ndugu mmoja wa baiskeli amekasirika kweli, anasema tumemchezea, na hajapita tena. Hiyo ni haki yake. Lakini hawa wengine nakuandikia walichosema, kama ulivyotaka niwe naandika.

Mama wa vyombo alikaa kwenye benchi akalia hasa. Anasema zamani walikuwa wakitaniana na mzee kila asubuhi na hakuagwa. Anakupa pole.

Mwalimu wa hesabu alivua kofia. Alitaka kujua kama ile bei ya mwezi wa pili aliyokataliwa ilikataliwa na mimi. Nikasema ndiyo. Akasema basi hesabu zangu ni nzuri. Anakupa pole, na anasema mzee alimwazima mwavuli siku moja naye hakuwahi kuurudisha.

Kinyozi alifunga duka lake mchana ule. Alikuja akasimama pale kiti kilipo, akagusa bega la koti, akaondoka.

Wanakuja, Mama Mkubwa. Wengine siwajui. Naacha cherehani, nanyooka, napokea pole kwa niaba yako. Wananiambia vitu mzee alivyowafanyia, nami sikuwa najua hata kimoja. Ninazo pole nyingi mno, haziwezi kuenea kwenye barua moja. Ungekuwepo.

Koti nimelipangusa kwa brashi laini. Sijaliondoa. Hilo si langu kuamua. Nami ndani ya chumba kikubwa hivi nashona nimeinama, nusu nimesimama, kwa sababu benchi ni la wateja, na kile kiti siwezi kukigusa.

Nijibu hata neno moja.

Kasuku


11 Agosti

Mwanangu,

Marahaba. Barua zako zote mbili nilizipata kwa wakati. Ni mimi niliyenyamaza, kaka yako usimsingizie.

Ile ya kwanza niliikasirikia. Nilikukasirikia wewe na mkunga na mama yako na miwani yake. Ile ya pili niliisoma kibarazani, na nilipofika kwa mama wa vyombo nikaanza kulia, na sikuuma kitambaa. Mjukuu mdogo alitoa vile vitu masikioni akaja kusimama karibu nami. Akauliza ninamlilia nani. Nikamwambia, babu yako. Akauliza alikuwaje. Hajawahi kuniuliza.

Jioni nikawasomea wote mezani, pole zote, na ya mwavuli. Kaka yako alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaenda chumbani akafunga mlango. Kesho yake kabla ya kazi alikuja kwangu, akauliza kama koti bado lipo, na kama litamtosha. Mtumie koti hilo. Likunje mikono ndani, usilipige pasi.

Nikapata nguvu. Nikasema leo nakwenda kwenye lile dirisha la maua, nabisha hodi, nasema mimi ni fundi wa mapazia. Nilishuka ngazi na mguu wangu huu, nikavuka barabara, nikapanda za upande wa pili. Nilikuta mlango wazi na mtu anapaka rangi. Wamehama, na pazia lao wamelichukua. Nilisimama pale na mkasi wangu kwenye mkoba, nikamwambia yule mtu wa rangi ukweli, kwamba nimechelewa. Nikarudi. Sasa dirisha liko wazi na mimi sina cha kuangalia. Wewe usingoje dirisha la watu mpaka wahame.

Nashukuru kwa kunipokelea. Nilidhani nitamzika tena peke yangu, kumbe mlikuwa wengi. Bado namkosa, na hapa bado ni kimya mchana. Hilo halikuisha, nisikudanganye.

Kuhusu kiti. Kinachechemea mguu wa nyuma upande wa kushoto. Alikuwa akikilalamikia kila siku, na mimi sikuwahi kukikalia hata mara moja, miaka yote ile, hata baada yake. Nilikuwa nasimama mbele yake na kuuliza. Chukua kipande cha ngozi, fundi viatu lazima ameacha, kikunje mara mbili ukiweke chini ya mguu huo. Kitatulia. Halafu kisogeze mpaka kwenye ile meza yako ndefu, mahali mlango unapoonekana, ukae.

Mama Mkubwa